Kuuza sanamu ya kauri kwa simu: angalia salio kabla sanamu haijatoka mlangoni

Tuseme unaishi Katelembo, karibu na mji wa Machakos. Kwenye kabati la sebuleni kuna sanamu ya kauri, mwanamke wa gauni refu na kofia, ambayo mama yako alipewa na tajiri wake wa Nairobi wakati familia ile inarudi Uingereza. Miaka yote imekaa pale ikishika vumbi. Sasa mjukuu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, umeipiga picha, umeiweka mtandaoni, na mtu amepiga simu. "Mathe, hiyo naitaka. Elfu sita na mia tano. Natuma sasa hivi."

Dakika mbili baadaye simu inalia. Ujumbe unasema umepokea Sh 6,500. Boda boda iko nje tayari, imetumwa na mnunuzi, na dereva anasema ana haraka.

Hapo usimpe kitu. Mwambie asubiri, na uangalie salio lako mwenyewe kupitia menyu ya simu au programu. Ujumbe wa kupokea pesa unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Wetu huja kwa jina la kampuni, haujawahi kutoka kwa nambari ya kawaida ya 07 au 01, lakini hata jina likionekana sawa, bado tunakuomba uangalie salio. Kama ulikuwa na Sh 340 asubuhi na bado una Sh 340, hakuna pesa iliyoingia. Mnunuzi akisema "network iko chini, itaingia tu", basi boda itaingoja pamoja na wewe.

Watu wa Machakos si wageni wa biashara ya sanamu. Kule Wamunyu, barabara ya kwenda Kitui, kuchonga kumekuwa kazi ya familia nyingi tangu Mutisya wa Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini sanamu ya mti huuzwa uso kwa uso. Mnunuzi anaishika, anaikwaruza chini kwa ukucha aone kama weusi ni wa mpingo au ni rangi ya viatu, mnavutana bei, analipa. Ikianguka, unaiokota. Kauri inauzwa kwa picha kwa mtu usiyemjua, na ikianguka imeisha.

Kwa hivyo kabla ya kutaja bei, igeuze sanamu uangalie chini. Hapo ndipo kiwanda huweka alama yake. Royal Doulton wa Uingereza huweka simba juu ya taji, na sanamu zao nyingi zina herufi HN na nambari, mtindo ulioanza mwaka 1913. Ukitafuta nambari hiyo kwenye intaneti utapata jina la sanamu na utaona zingine kama hiyo zimeuzwa kwa ngapi. Angalia zilizouzwa, si zinazoombwa, kwa maana kuomba ni bure. Lladró wa Hispania wana alama ya ua. Panga mbili za buluu zilizopishana ni za Meissen, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1710, lakini usianze kusherehekea: alama hiyo imeigwa na viwanda vingi kwa miaka mingi sana. Na tuseme ukweli, sanamu nyingi za kawaida bei yake imeshuka, kwa sababu vijana wa Ulaya walioachiwa na nyanya zao hawana haja nazo. Elfu sita inaweza kuwa bei nzuri kabisa.

Kisha tafuta kasoro. Vidole, shingo, ukingo wa kofia na maua ndiyo sehemu zinazovunjika kwanza. Pitisha ukucha polepole. Ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia inasaidia pia: ukizima taa ya chumba na kuimulika sanamu, mahali palipogundishwa au kupakwa rangi upya mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Ukiona ufa, upige picha uutume kwa mnunuzi kabla hajalipa. Sanamu yenye ufa uliosemwa inauzika kwa bei ya chini. Sanamu yenye ufa uliofichwa inakuletea ugomvi wa kurudishiwa pesa, na kusuluhisha ugomvi huo ukiwa Katelembo na mwenzako Nairobi ni kazi kubwa.

Wewe mnunuzi nawe usitume pesa yote kwa sababu ya picha moja. Picha huibwa. Omba video fupi: sanamu kando ya karatasi yenye tarehe ya leo, kisha igeuzwe chini. Unapotuma, soma jina la mpokeaji kabla hujaweka nambari ya siri. Kama unazungumza na mama wa Machakos na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, simama uulize. Njia tunayoipenda ni kugawanya malipo: kiasi kidogo cha kuonyesha nia, na kilichobaki ukiwa kwenye ofisi ya parseli, umefungua katoni na kuiona mzima. Muuzaji akikataa kila mpango isipokuwa "tuma yote sasa", tafuta sanamu nyingine.

Kuna mchezo mwingine. Mnunuzi anasema ametuma Sh 16,500 kimakosa, umrudishie elfu kumi. Usitume hata shilingi kutoka kwa laini yako. Kama kweli amekosea, yeye ndiye anayepaswa kutuomba turudishe, na sisi tuna utaratibu wa hilo. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba nambari yako ya siri ili "kufungua malipo yaliyokwama". Hakuna malipo ya namna hiyo.

Pesa ikishaonekana kwenye salio, funga mzigo. Funika kila kiungo kinachochomoza kwa karatasi laini, kisha izungushie sanamu nzima nguo kuukuu, uiweke kwenye katoni ndogo, na katoni hiyo ndani ya kubwa iliyojazwa magazeti pande zote sita. Tikisa. Ukisikia kitu kikisogea, ongeza magazeti. Piga picha ya mzigo uliofungwa na risiti ya parseli, mtumie mnunuzi, na usifute ujumbe wa malipo wala mazungumzo yenu mpaka aandike kwamba imefika salama. Akija baadaye kudai pesa irudishwe, hayo ndiyo tutakayokuomba utuonyeshe.