SAMAKI WA KUOKA KWA NDIMU: JE, NI KWELI NDIMU HUKAUSHA DAMU?

Somo letu la leo ni la jikoni, lakini linahusu damu.

Katika kliniki ya akina mama wajawazito jambo moja hujirudia. Mama anapimwa, anaonekana ana upungufu wa damu. Ndani ya kope za macho ni kweupe, viganja havina wekundu, na akipanda kilima na ndoo ya maji anahema. Ukimwuliza chakula chake atakuambia samaki anapata, maharage yapo, matembele yapo nyuma ya nyumba. Lakini ndimu na machungwa ameyaacha kabisa tangu mimba ilipoingia. Ameambiwa na wifi au jirani kwamba vitu vichachu hukausha damu.

Imani hiyo si ya kweli, na inawanyima akina mama msaada uliopo mlangoni. Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Madini hayo yamo katika maharage, kunde, mchicha na matembele, lakini yale yanayotoka katika mimea hayaingii mwilini kwa urahisi. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Yakikutana tumboni na vitamini C, iliyomo katika ndimu, malimau na machungwa, mwili huyapokea kwa wingi zaidi. Nyama ya samaki nayo husaidia kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo maharage na mchicha, pamoja na kipande cha samaki chenye ndimu, ni mlo unaoongeza damu.

Yanayopunguza damu ni mengine: malaria, minyoo ya safura, kuzaa watoto wa karibu karibu, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, na kula ugali kwa mboga ya aina moja siku zote. Hata chai ya rangi, ambayo hakuna anayeiogopa, ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ni vizuri kuinywa saa moja au zaidi baada ya kula. Mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu asivimeze kwa chai, na asidhani ndimu inaweza kushika nafasi ya vidonge hivyo.

Sasa twende jikoni. Samaki wanaofaa ni wale wenye nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunao sato na sangara. Wasomaji wa pwani watumie changu au chewa. Gramu 100 za nyama ya sato zina protini kiasi cha gramu 20, na mafuta hayafiki hata gramu 3. Ukimkaanga katika mafuta mengi unamwongezea mafuta ambayo hakuwa nayo, tena mafuta yana bei. Ukimwoka, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha, na baada ya kazi za shamba chakula kinakuwa tayari katika muda wa saa moja hivi.

Chukua sato wa kilo moja. Mpare magamba, toa matumbo na matamvua, umwoshe kwa maji safi. Mkate mikato mitatu kila ubavu ili moto na viungo viingie. Twanga kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, changanya na chumvi nusu kijiko cha chai na maji ya ndimu moja, umpake ndani na nje. Mwache kwa robo saa tu, wakati unawasha mkaa. Akikaa saa nyingi katika ndimu nyama yake inakakamaa. Usimlaze usiku kucha na ndimu katika sufuria ya alumini, maana uchachu hula alumini na chakula hupata ladha mbaya. Bakuli la udongo au la plastiki linafaa zaidi.

Oveni si lazima. Anayejua kuoka mkate kwa moto wa juu na chini tayari anajua kazi hii. Paka sufuria mafuta, tandika vipande vya vitunguu na nyanya, mlaze samaki juu yake, funika. Weka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Wenye migomba wanaweza kupitisha jani juu ya moto mpaka lilegee, wakamfunga samaki humo na kumweka juu ya makaa yaliyotulia. Mimi naona njia ya jani ni bora kuliko ile ya sufuria, kwa sababu samaki hakauki. Baada ya dakika 25 au 30 mchokoe kwenye mnofu mnene karibu na mfupa. Nyama ikiwa nyeupe kabisa na inaachana na mfupa, ameiva. Ikiwa bado inang'aa kama kioo na inashikilia mfupa, mrudishe.

Mchuzi wake ni rahisi. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, mimina maji ya machungwa mawili, tia unga wa ngano kijiko kimoja cha chai uliokorogwa katika maji baridi, koroga mpaka uwe mzito. Epua. Hapo ndipo ukamue ndimu, baada ya kuepua na si kabla, kwa sababu moto huharibu vitamini C. Mwagia juu ya samaki na ule kwa ugali au wali, na mboga za majani zisikose.

Faida nyingine iko kwa wenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya kununua. Wazee wengi wakiambiwa wapunguze chumvi hujitahidi wiki moja, kisha hurudia kwa kuwa chakula kimekuwa chapwa. Uchachu wa ndimu huamsha ladha, na chumvi kidogo inatosha. Mwenye vidonda vya tumbo ambaye ndimu humchoma aitumie kidogo au aiache.

Ndimu ina mipaka yake. Kuna wanaoona samaki amegeuka mweupe katika maji ya ndimu wakasema ameiva. Hajaiva. Uchachu hubadili rangi ya nyama, lakini wadudu wa magonjwa na minyoo hubaki wazima mpaka moto uwafikie. Wala ndimu haimrudishi samaki aliyeoza. Inaficha harufu, na muuzaji mjanja anajua hivyo. Tazama macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Ndimu haiondoi sumu pia. Wengi wetu tunakumbuka au tumesimuliwa kuwa mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa ajili ya uvuvi wa kutumia sumu. Samaki wa namna hiyo haponi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

Samaki akishafika mezani, akina baba, tazameni mgao. Katika nyumba nyingi mnofu ni wa baba na wageni, mtoto anapewa mchuzi kulowanisha ugali. Protini imo katika mnofu. Mtoto wa mchuzi mtupu hushiba, lakini hakui vizuri, na hata kwashakoo inaweza kumpata katika nyumba yenye nyavu. Kuanzia miezi sita mtoto apewe mnofu laini wa samaki uliopondwa, pamoja na kunyonya. Mama auchambue kwa vidole mara mbili, kwa kuwa mwiba mdogo hauonekani kwa mwanga wa kibatari.

Jiko la mkaa liwekwe nje, au mahali penye madirisha wazi. Mvua ikinyesha wengine huliingiza ndani, wakishakula hulala nalo chumbani ili wapate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na huua watu usingizini. Likishamaliza kazi, lizimeni kwa maji au mchanga.

Samaki akibaki, mchemsheni mpaka atokote kabla ya kulala na tena asubuhi kabla ya kula. Akilala wazi chunguni bila kupashwa moto, asiliwe na mtu.