Tatizo la "Muyaka (1940)": Kurejelea Ushairi wa Kale katika Insha za Kitaaluma

Katika insha na tasnifu za wanafunzi, mashairi ya Muyaka bin Haji aghalabu hurejelewa hivi: Muyaka (1940). Kwa kanuni ya kawaida ya jina, mwaka na ukurasa, hakuna kilichokosewa. Hata hivyo, msomaji asiyejua historia ya Mombasa atadhani mshairi huyo aliishi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilhali alifariki yapata mwaka 1840.

Makala haya yanadai kwamba kasoro hiyo si ya umbo tu. Mwaka 1940 ni wa William Hichens, mhariri wa diwani iliyochapishwa Johannesburg. Kabla yake, mashairi hayo yalikusanywa Mombasa na mmisionari W. E. Taylor, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyaandika kwa hati za Kiarabu. Rejeo la jina moja na mwaka mmoja huwafuta wote hao, na Sikujua ndiye afutwaye kwa wepesi zaidi.

Uzito wa jambo hili huonekana katika uchambuzi wa lugha. Hati za Kiarabu zisiporekebishwa hazitofautishi i na e, wala u na o. Neno lile lile laweza kusomwa tua au toa. Kila irabu katika chapa ya Kirumi, basi, ni uamuzi wa mtu fulani. Mwanafunzi ajengaye hoja ya vina au ya lahaja ya Kimvita juu ya chapa hiyo huenda anamchambua mhariri badala ya mshairi.

Inafaa hivyo kuandika: Muyaka (mh. Hichens 1940), pamoja na ukurasa na ubeti. Chapa ya M. H. Abdulaziz ya mwaka 1979 nayo itajwe kwa jina lake, na pale zinapohitilafiana, hitilafu ielezwe katika tanbihi. Katika orodha ya marejeo, jina liingizwe chini ya Muyaka, si chini ya Haji, ambalo ni la baba yake. Kanuni ya kutanguliza jina la ukoo ilitungwa kwa majina ya Kizungu. Na iwapo hoja yenyewe inategemea irabu moja, chapa zote mbili hazitoshi: itampasa mtafiti aiendee miswada ya Taylor iliyohifadhiwa London.