Siri Hii Usiiweke: Mwanafunzi na Uhai wa Mwenzake



Wiki hii tunazungumza na wanafunzi wa Mkoani, wa skuli na wa madrasa. Mwenzako anakuvuta pembeni, anakwambia amechoka kuishi, kisha anakuapisha usimwambie mtu. Utafanya nini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa watu zaidi ya 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, wakiwemo vijana. Uislamu umekataza jambo hilo, na wanazuoni hutoa dalili katika Surat An-Nisaa, aya ya 29. Lakini katazo si ruhusa ya kumcheka aliyezidiwa. Huyo anahitaji faraja na tiba.

Mara nyingi kijana humwambia rika lake kabla ya mzazi. Kwa hiyo wanafunzi wenyewe wafundishwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika skuli 168 za nchi 10 za Ulaya, ulionesha kuwa wanafunzi walipofundishwa kutambua dalili na kusaidiana, majaribio ya kujiua yalipungua kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Walipofundishwa walimu peke yao, haikuonekana tofauti ya maana.

Mambo ya kujifunza ni haya:

1. Tambua dalili: kujitenga, kukosa usingizi, kugawa vitu vyake, kusema "nikiondoka mtapumzika."

2. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo.

3. Sikiliza. Usimkaripie wala usimwambie imani yake ndogo.

4. Akiwa hatarini, usimwache peke yake.

5. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo: mzazi, mwalimu au daktari. Hospitali ya Abdalla Mzee ipo hapa hapa Mkoani.

Hili la tano ndilo huwakwamisha wengi: "Nimeshaapa." Kweli siri ni amana, lakini uhai wa mwenzako ni amana kubwa zaidi. Mwambie, "Hili siwezi kulinyamazia, twende pamoja." Huenda akakununia mwezi mzima. Na anune, maadamu yu hai.

Nanyi wazazi na walimu, mtoto akikuleteeni habari hii, msimchape mwenzake wala msiitangaze barazani. Mwanafunzi si daktari. Yeye amefikisha, lililobaki ni letu wakubwa.

Wabillahi tawfiq.