Catalina ya Kipevu: maswali kuhusu kuunda ndege ya kivita ya mota mbili Bamburi

Vitabu na maelekezo mengi ya kuunda ndege za mfano yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye viwanja vya nyasi na hewa kavu. Fundi wa Bamburi, Mombasa, ana jua, chumvi, unyevu na bahari mlangoni. Majibu yafuatayo yanaanzia hapo.

Swali: Nataka ndege yangu ya kwanza ya mota mbili iwe ya kivita. Kwa nini mnapendekeza Catalina badala ya Mosquito, ambayo ina sura kali zaidi?

Jibu: Kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo nzito. Ya kwanza ni kwamba Catalina, ndege inayoelea na kutua majini, ni ndege ya hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kikosi cha 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikaa Kipevu, bandarini Mombasa, kuanzia 1942 hadi 1945, na cha 259 kiliundwa upya papo hapo mwaka 1943 kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Pale yanaposhushwa makasha na mafuta leo ndipo ndege hizi zilipokuwa zikielea. Kazi yao ilikuwa kusaka nyambizi na kusindikiza misafara ya meli, na haja ilikuwepo: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka bandari ya Kilindini ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, wakafa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Sababu ya pili ni mpangilio wa injini. Kwenye ndege yoyote ya mota mbili, hofu kubwa ni mota moja kuzimika: iliyobaki huvuta upande wake, pua hugeuka, bawa la upande uliokufa hushuka, na kwa ndege ndogo iliyo chini na yenye mwendo mdogo hakuna nafasi ya kujirekebisha. Ukali wa mgeuko huo hutegemea umbali kati ya mota na mstari wa katikati wa bodi. Mosquito ina injini zilizoachana kwa bawa fupi la mita 16.5. Catalina ina bawa la mita 31.7, na injini zake zimekaribiana juu ya nguzo ya katikati. Kwa hiyo mota iliyobaki inaipindua ndege kwa nguvu ndogo, na usukani wa mkiani unaweza kumudu. Anayesema ndege za mota mbili ni za mabingwa tu anasema kweli kuhusu Mosquito, lakini hakosi kukosea akiziingiza zote katika kapu moja.

Swali: Lakini Catalina si ilikuwa ndege ya doria tu?

Jibu: Ilibeba mabomu ya kina na bunduki za mashine. Agosti 1943, kusini mwa Madagascar, Catalina mbili za vikosi vya 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197. Ikiwa hilo si vita, sijui ni nini.

Swali: Mota za umeme hazizimiki ovyo kama injini za mafuta. Je, suala la mota moja kufa bado lina maana?

Jibu: Limepungua, halijaisha. Injini ndogo ya mafuta huzimika kwa sababu nyingi: mchanganyiko mbaya, uchafu, joto. Mota ya umeme isiyo na brashi ikifa, mara nyingi kosa ni waya uliolehemiwa vibaya, skrubu ya propela iliyolegea, au vidhibiti mwendo viwili visivyoelewana. Hili la mwisho ndilo linalodharauliwa. Kidhibiti kimoja kikianza kuzungusha mota mapema kuliko kingine, au kikakata umeme wa betri inayoisha sekunde mbili kabla ya mwenzake, umejitengenezea mwenyewe ajali ile ile ya injini iliyozimika. Vipimie vyote kwa fimbo moja ya redio, vipe mpangilio mmoja wa kukata umeme, na uvilishe kwa betri moja ili nguvu ikipungua ipungue pande zote. Kwa kuwa kila kidhibiti huwa kinataka kuilisha risiva, chomoa waya mwekundu wa kimoja. Ukipenda, geuza mota moja izunguke kinyume kwa kubadilishana waya mbili kati ya tatu, na uipe propela ya upande huo. Catalina halisi haikuwa hivyo, lakini ndege yako itakwenda kwa utulivu zaidi, na huu ni uongo mdogo ambao mtazamaji hauoni.

Kuna jambo jingine ambapo ukweli wa kihistoria na urahisi wa kisasa vinakutana. Catalina haikuwa na usukani wa majini. Marubani waliigeuza juu ya maji kwa kuongeza nguvu ya injini moja na kupunguza nyingine. Redio ya kisasa inaweza kuunganisha usukani na mota kwa namna hiyo hiyo: ukisukuma fimbo kushoto, mota ya kulia inakazana. Iache kazi hiyo majini tu. Ukishapaa, izime kwa swichi. Na kwa kuwa mota ziko juu sana ya bodi, kufungua nguvu ghafla huinamisha pua. Fungua polepole.

Swali: Niifanye ya ukubwa gani, na kwa nini wataalamu wanalilia gramu kila wakati?

Jibu: Kipimo cha 1 kwa 20 kinafaa: bawa la mita 1.58, bodi chini kidogo ya mita moja, eneo la bawa karibu mita za mraba 0.325. Ikiwa na kilo 1.8, mwendo wake wa chini kabisa wa kukaa hewani ni takriban kilomita 33 kwa saa. Iache ifike kilo 2.4 na mwendo huo unapanda hadi kama 38. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kishindo cha kutua hufuata uzito na mraba wa mwendo, hivyo inaongezeka kwa karibu asilimia 80. Kwa ndege inayotua majini, hapo ndipo sehemu ya chini ya bodi inapopasuka.

Na gramu hizo nyingi haziingii kwenye kiunzi. Zinaingia mwishoni, kwa brashi na rangi ya kupuliza, wakati fundi ameshaacha kupima. Ndege ya ukubwa huu ina nje ya mita za mraba kama 1.2. Kitambaa chepesi cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, kikinyonya rezini ya uzito ule ule, kinaongeza gramu 60 hivi. Hizo ni halali, kwa maana zinaifanya ngozi kuwa ngumu na kuzuia maji. Rangi nzito ya gari iliyopigwa mara tatu inaweza kuongeza mara mbili ya hapo bila kusaidia chochote. Tena mkia wa Catalina ni mrefu na pua ni fupi: rangi ikizidi mkiani kwa gramu 10, huenda ukalazimika kuweka risasi gramu 20 au zaidi puani ili mizani irudi. Ndiyo maana sikubali kwamba umaliziaji ni urembo. Ni sehemu ya uhandisi, na hapa Pwani ni sehemu yake ngumu kuliko zote.

Swali: Ngumu kwa nini? Rangi ni rangi.

Jibu: Si katika hewa hii. Vanishi za kale za ndege zenye thina kali zikipakwa siku ya unyevu huota weupe kama ukungu, kwa sababu thina ikiruka hupoza uso na maji ya hewani hutua juu yake. Mbao ya balsa isiyozibwa hunywa unyevu na kupinda. Supagluu hukauka upesi mno, kabla hujanyoosha kiungo. Na thina ya rangi za gari hula fomu nyeupe ya masanduku ya samaki, ambayo mafundi wengi huitumia kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwa hiyo ziba mbao zote, hata za ndani, kwa vanishi ya maji. Tumia hiyo hiyo kulaza kitambaa cha faibaglasi juu ya fomu, kisha piga rangi ya maji kwa tabaka nyembamba, ukipiga msasa kati ya tabaka. Kupima kwenye mizani baada ya kila tabaka ni lazima.

Wapo watakaosema rangi ya maji haistahimili chumvi. Peke yake, kweli. Tabaka moja jembamba la vanishi ngumu isiyong'aa juu yake hutosha, na kutong'aa huko kunafaa, maana ndege za doria hazikuwa na mng'aro. Juu zilikuwa za kijivu cha bahari, chini nyeupe. Alama za duara zataka uangalifu zaidi: katika kamandi ya Asia ya Kusini Mashariki rangi nyekundu iliondolewa ili zisifanane na jua la Japani. Chagua ndege moja, picha moja, tarehe moja, ufuate hiyo. Kuchanganya ndege tatu katika moja ndilo kosa linaloonekana kutoka mbali. Kumbuka pia kwamba nyuma ya bawa na sehemu za kuongozea zilivikwa kitambaa, hazikuwa bati. Ribiti huko ni kosa. Kwingineko, tone dogo la gundi nyeupe kwa sindano linatosha kuwa ribiti, na ninashauri uziweke mahali jicho linapofika tu.

Kijivu kisichong'aa hushika joto. Usiiache ndege juani huku ikisubiri zamu, fomu italegea.

Swali: Nirushie wapi?

Jibu: Usirushie mbele ya Jomo Kenyatta Public Beach, ambayo wengi huiita Pirates, siku ya watu. Maji ya Bamburi yamo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa chini ya shirika la wanyamapori, KWS, na kanuni za 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani zinataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na zinaweka ukomo wa futi 400. Ukishapata ruhusa za wote wawili, tafuta asubuhi ya maji kujaa, kati ya majira ya kusi na ya kaskazi. Maji yakitoka wakati wa bamvua, ndani ya mwamba hubaki mawe na mwani, na bodi yenye ngozi ya gramu 50 kwa mita ya mraba haikuundwa kwa hayo. Vidhibiti mwendo vipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya siku hiyo, maboya ya ncha za mabawa uyafunge yasikunjuke wala kukunjika ingawa ya kweli yalikunjwa, na ukirudi nyumbani isuuze ndege nzima kwa maji baridi ya bomba, mota zikizunguka polepole bila propela, kisha ianike kivulini.