Mkono Ukianza Kutetemeka: Somo la Picha Kutoka Hasamba

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Hasamba, wilayani Mbozi, nikiwa na mpango mmoja tu: kulala. Mjomba akauharibu. Siku ya pili, asubuhi na mapema, alikuja na kamera shingoni na bahasha mkononi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mjomba. Masomo yanaendaje?" Hakusubiri jibu. Akamwaga picha mezani.

Zilikuwa picha za send-off ya wiki iliyotangulia. Bibi harusi alikuwa na uso, lakini umevutika kama rangi iliyopitiwa na kidole kabla haijakauka. Wazazi vilevile. Hata keki ilikuwa na kingo mbili.

"Wamekataa kumalizia hela yangu," akasema. "Kamera imekufa hii. Nikiuza kahawa nanunua nyingine."

Mjomba ana miaka 63. Amepiga picha za pasipoti, ubatizo, misiba na mahafali ya darasa la saba tangu enzi za filamu ya picha 36. Daftari zangu na nauli zangu za shule zilitoka kwenye kazi hiyo. Nikaangalia kikombe chake cha chai. Kilikuwa kinagonga kisahani. Nikajua kamera huenda haina kosa, ila kumwambia mtu mzima kwamba mkono wake ndio unaotikisika si kitu cha kuropoka. Nikamwomba tuipime kwanza.

Nawaandikia tulichokifanya kwa sababu wengi wetu humu chuoni tunapiga picha za mahafali ili tupate hela ya kula bumu likichelewa, na wengine tuna wazazi wanaolalamika kwamba simu zao "zimeharibika". Somo ni moja: tafuta chanzo cha kosa kabla ya kutoa hela.

Picha haiko klia: kosa lipi?

Kuna makosa matatu yanayofanana kwa mbali, lakini dawa zake ni tofauti. Kuza picha kwenye skrini uangalie.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mtu na ukuta nyuma yake, kamera ilitikisika. Kama ukuta uko safi ila mtu amevutika, mtu ndiye aliyesogea. Na kama mtu ana ukungu huku kitu kingine mbele au nyuma yake kiko safi kabisa, fokasi ilikosea mahali pa kukaa.

Picha za mjomba zilikuwa za aina ya kwanza. Ili kuwa na uhakika tuliweka kamera mezani juu ya mfuko wa maharage, tukailenga kalenda ya ukutani, tukatumia taima ya sekunde 2 ili asiiguse wakati inapiga. Herufi zote zikasomeka, hata zile ndogo za chini. Kamera nzima, lenzi nzima. Mjomba akaiangalia ile picha kwa muda, kisha akaangalia mikono yake. Hakuna aliyesema kitu.

Kwa nini mkono hucheza

Hakuna mkono uliotulia kabisa. Hata wa kijana mwenye afya hutetemeka kidogo, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila haonekani. Chukua mara 10: mtikisiko mmoja mzima unachukua sehemu ya kumi ya sekunde. Shata ikiwa wazi kwa 1/10 ya sekunde, kamera inarekodi mtikisiko wote. Ikiwa wazi kwa 1/250, inarekodi sehemu moja tu kati ya 25. Mkono ni uleule, ila picha mbili tofauti kabisa.

Umri unapoongezeka, misuli hupungua nguvu, kamera huonekana nzito mapema, na kwa baadhi ya watu mtikisiko wenyewe huwa mkubwa. Ongeza baridi ya Mbozi ya Juni na Julai, njaa ya kusubiri ratiba ya ukumbini, na vikombe viwili vya kahawa kali. Kahawa ndiyo inayotulisha, ila ukiinywa kabla ya kazi inaweza kuuongezea mkono mtikisiko.

Kwa hiyo mzee hajapoteza ufundi. Amepoteza nafasi ya kukosea aliyokuwa nayo akiwa na miaka 30. Kazi yetu ni kumrudishia nafasi hiyo.

Hesabu ya shata

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isiwe chini ya 1 gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50, angalau 1/50. Lenzi ya 200, angalau 1/200. Lakini kamera nyingi tunazotumia zina sensa ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo zidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5 au 1.6 kulingana na aina ya kamera.

Tukafungua taarifa za picha ya bibi harusi. Lenzi ilikuwa kwenye milimita 55, shata 1/20, ISO 400. Zidisha 55 kwa 1.6 unapata 88, yaani alihitaji karibu 1/90. Hiyo ni kwa mkono wa kijana. Kwa mkono unaotetemeka, zidisha kasi mara mbili au zaidi. Alikuwa ameacha kamera ijichagulie, na ndani ya ukumbi wenye taa mbili ikamchagulia kasi ambayo hata mimi nisingeiweza.

Dawa yake haina gharama:

Pandisha ISO. Kutoka 400 hadi 3200 ni mara 8, na 1/20 inakuwa 1/160. Picha itakuwa na chengachenga, lakini uso utaonekana. Mteja anasamehe chengachenga. Uso uliovutika hasamehe.

Sogea karibu, usivute kwa zumu. Ukirudi kwenye milimita 18, zidisha kwa 1.6 unapata kama 29, na 1/30 inatosha mkono wa kawaida. Tena lenzi hizi za kawaida hufunguka zaidi zikiwa kwenye 18 kuliko kwenye 55, kwa hiyo unapata mwanga zaidi bure. Ila usisogelee uso wa mtu kupita kiasi, pua itakua.

Ichagulie kamera kasi wewe mwenyewe. Kwenye Canon zungusha kitufe hadi Tv, kwenye Nikon hadi S. Weka kasi unayotaka, kisha weka ISO ijipange yenyewe.

Halafu kuna lenzi zenye kitulizo cha mtikisiko ndani yake. Canon ilitoa lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za SLR mwaka 1995, ya milimita 75 hadi 300. Kitulizo cha hatua 3 kinaweza kukushusha kutoka 1/200 hadi 1/25. Kinasaidia sana, ila hakimzuii bibi harusi anayecheza. Kabla hujanunua kingine, angalia ubavuni mwa lenzi uliyonayo. Mjomba alikuwa nacho, na swichi ilikuwa imezimwa.

Mwili nao ni stendi

Viwiko vibane mbavuni. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, uibebe, usiishike kwa pembeni. Mguu mmoja mbele. Kama kamera ina tundu la kuchungulia, ibandike kwenye paji la uso. Ukinyoosha mikono na kuangalia skrini unatetemeka zaidi. Toa pumzi, na mwisho wa pumzi bonyeza taratibu bila kushtua kidole. Piga tatu mfululizo. Mara nyingi ya kati ndiyo nzuri, kwa sababu kidole kilishabonyeza na bado hakijaachia.

Egemea nguzo, mlango, mti au gari. Kaa, weka kiwiko gotini. Beba mfuko mdogo wa maharage, uweke juu ya kiti, kisha kamera juu yake. Au funga kamba kwenye boliti inayoingia tundu la stendi chini ya kamera, ikanyage ncha ya pili, kisha vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Wenye simu: shika kwa mikono miwili, tumia taima ya sekunde 2.

Yupo mfano mkubwa kuliko wa mjomba. Mohamed Amin, Mkenya aliyekulia Tanganyika na ambaye kamera yake iliionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini hadi kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1996. Yeye hakubadilisha kazi. Alibadilisha namna ya kushika kamera.

Usiufiche mkono

Mtikisiko ulioanza ghafla, au wa upande mmoja, au unaokuja mkono ukiwa umetulia mapajani, au unaoambatana na mwendo mzito, upelekwe hospitali. Baadhi ya dawa, kama salbutamol ya pumu, nazo hutetemesha mikono. Usiziache, muulize daktari. Mjomba alibisha siku tatu, ya nne tukaenda pamoja. Yaliyosemwa huko ni yake.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Alisimama ubavuni mwa nguzo, ISO 3200, swichi ya lenzi imewashwa, viwiko vimebana. Hakunywa kahawa asubuhi, akanung'unika njia nzima. Kati ya picha 80 tulitupa 9. Zilizobaki alilipwa zote, na hela ya kahawa bado ipo.

Zoezi la nyumbani

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani. Simama hatua tatu, piga picha tatu kwa kila kasi: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250. Kuza skrini, utafute kasi ya chini kabisa ambayo zote tatu zinasomeka. Hiyo ndiyo namba yako, iandike. Halafu mkabidhi kamera mzazi wako arudie, na namba yake uiandike pembeni ya yako. Ukienda likizo ijayo, mpangie simu au kamera yake kwa namba hiyo kabla hujaanza kulala.