Gasketi ya Hedi: Silikoni Hainyooshi Hedi Iliyopinda

Gari likichemsha kwenye barabara ya Namanga siku ya soko, hasara huanza papo hapo. Mbuzi wanabaki juani, abiria wanadai nauli yao, na mwenye gari anatafuta fundi kwa simu. Mara nyingi anaambiwa kwamba gasketi ya hedi imeungua. Analipa, gari linarudi barabarani, na baada ya wiki chache linachemsha tena, ingawa fundi alipaka silikoni ya kutosha.

Somo la toleo hili ni kwa wamiliki wa magari, madereva, na vijana wanaojifunza ufundi katika gereji za Kitengela, Isinya, Kajiado na kwingineko katika kaunti yetu. Je, gasketi ya hedi inahitaji gundi?

Kwa injini nyingi, jibu ni hapana.

Kazi ya gasketi hii

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloku ya injini na hedi. Inazuia vitu vitatu visichanganyike: moto na gesi ndani ya silinda, oili, na maji ya kupoza injini. Ikipasuka, maji yanaweza kuingia kwenye oili na kuifanya iwe kama chai ya maziwa, au yakaingia kwenye silinda na kutoka kama moshi mweupe usiokwisha. Gesi nayo inaweza kupenya hadi kwenye rejeta na kutoa mapovu.

Gasketi nyingi za kisasa ni mabati membamba ya chuma yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, na kiwanda huwa tayari kimeyapaka utando wa kuziba. Zimetengenezwa zifungwe zikiwa kavu.

Mazoea ya silikoni yanatoka wapi?

Fundi anayepaka silikoni si lazima awe mdanganyifu. Silikoni hufanya kazi nzuri kwenye sampu ya oili, ambako joto na shinikizo si kubwa. Kosa ni kuihamishia kwenye hedi. Silikoni nyingi za gereji huhimili joto la takriban nyuzi 250 hadi 350, ilhali moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000.

Kuna madhara mengine. Silikoni ya ziada hubanwa ikaingia kwenye njia za maji na oili na kuziziba. Hufanya gasketi iteleze na isibanwe sawasawa. Na kwa sababu ni laini, hupungua unene injini inapopata joto, kisha mkazo wa bolti unalegea.

Wapi gundi inaruhusiwa

Fuata kitabu cha injini husika. Baadhi ya watengenezaji huagiza tone dogo mahali ambapo kifuniko cha cheni ya taimingi kinakutana na bloku. Bolti zinazoingia kwenye njia ya maji zinaweza kuhitaji gundi ya nyuzi zake. Gasketi za shaba tupu, hasa za injini za zamani, nazo huweza kupakwa gundi maalumu, kwa utando mwembamba. Kama kitabu hakikutaja gundi, usiweke.

Hatua zinazotibu tatizo

1. Tafuta kwanza chanzo cha kuchemsha: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, themostati, feni au kifuniko cha rejeta. Gasketi mpya haitadumu kama chanzo bado kipo.

2. Safisha nyuso za hedi na bloku bila kuzikwaruza. Hedi nyingi ni za alumini na huchimbika haraka.

3. Pima kama hedi imepinda, kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vya mwanya. Kwa injini nyingi ndogo za petroli kikomo ni karibu milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa kawaida. Ikizidi kikomo cha kitabu, hedi ipelekwe kuchongwa kwa mashine au ibadilishwe.

4. Kausha matundu ya bolti. Maji au oili iliyobaki chini ya tundu inaweza kupasua bloku bolti inapokazwa.

5. Kaza kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu na kwa mpangilio wa kitabu, ambao kwa kawaida huanzia katikati kwenda nje. Bolti za aina inayovutika zibadilishwe kama kitabu kinavyosema.

Maji yetu na miinuko yetu

Sehemu kubwa ya Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kikilegea, injini hupoteza kinga yake mapema. Anayepanda kutoka Magadi kuelekea Kona Baridi anaijua adhabu hiyo.

Maji ya visima vingi vya kwetu pia yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa kwa kipimo sahihi na maji yaliyosafishwa.

Hata hivyo, kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Mbuzi, mbwa au mtoto akiilamba anaweza kufa. Usiimwage chini, ikinge kwenye chombo chenye kifuniko na uiweke mbali na mifugo na watoto.

Haki yako kwenye gereji

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Kabla ya kulipa, uliza: Hedi ilipimwa? Chanzo cha kuchemsha kilikuwa nini? Bolti zilikazwa kwa kipimo gani? Omba risiti iliyoandika kazi iliyofanywa, na urudishiwe gasketi ya zamani. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Kwa fundi aliyejifunzia kazini, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) hutoa mitihani ya ufundi inayothibitisha ujuzi wake. Cheti hicho, pamoja na toki renchi, vitamletea wateja wengi kuliko mkebe wa silikoni.