Figo ya Ndugu

Mkatekumeni wa Likasi aweza kuuliza: Je, ni halali kumpa mwenzako kiungo cha mwili wako? Ni halali, ukitoa kwa hiari yako. Lakini kukiuza ni kosa, kama alivyofundisha Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000.

Tazama figo. Mtu anazo mbili, nazo huchuja damu usiku na mchana. Zikiharibika zote, sumu hujaa mwilini. Bali mwenye moja nzima aweza kuishi vema.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray aliipandikiza figo ya Ronald Herrick tumboni mwa Richard, pacha wake, akaunga mishipa ya damu na mrija wa mkojo. Richard akaishi miaka minane.

Kwa nini pacha? Damu ina askari wake, wakali kama mlinzi wa lango la mgodi afukuzaye hata mganga aliyeitwa. Pacha wa kufanana hawamwoni kuwa mgeni. Wengine, hata mtoto apewaye na mama yake, humeza dawa za kuwatuliza askari hao.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo mwaka 2017. Na dawa humezwa kila siku. Aziachaye kwa kujiona amepona, huenda akaipoteza figo ya nduguye.